Ukuta uko mita 2, leza ya Gazebo inasoma 1.957: nani muongo hapo?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo (Gazebo ni programu ya kuigiza roboti kwenye kompyuta, TurtleBot3 Burger ni roboti ndogo ya kujifunzia, na leza ni kihisi chake cha kupima umbali kwa miale): "Shikamoo kaka. Niko mwaka wa mwisho, projekti yangu ni TurtleBot3 Burger kwenye Gazebo ya zamani. Nimechora ukuta kwa kile kichoraji cha majengo, nikauweka mita 2 kamili mbele ya roboti, roboti iko 0,0. Leza inacheza kwenye 1.94 mpaka 1.98, wastani 1.957, mbili haifiki hata kwa bahati mbaya. Mwenzangu anasema simulesheni ndo zilivyo, hazina usahihi, niongeze tu sentimita 4 kwenye programu yangu mambo yaishe. Ni kweli? Na roboti yenyewe ikifika nitegemee leza yake iwe mbovu kuliko hii au nzuri zaidi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo sentimita 4 usiiongeze, na kama umeshaiongeza kaifute sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana leza yako haijakosea hata milimita moja na nitakuonyesha hapa hapa. (Alafu nitaandika "kihisi", sio "sensa", sensa kwetu ni ile ya kuhesabu watu, tusichanganyane.)

Chukua karatasi. Ule ukuta uliochora una unene, kichoraji cha Gazebo kisipoambiwa kitu kinakupa ukuta wa mita 0.15. Ulipoandika "mita 2" hukuuweka uso wa ukuta kwenye mita 2, uliweka katikati yake, kwahiyo uso unaotazamana na roboti uko nusu ya unene karibu zaidi, yaani 2 toa 0.075, tunapata 1.925. Sasa njoo kwenye roboti. 0,0 ni katikati ya magurudumu mawili ya Burger kwa mujibu wa faili lake, lakini leza haijafungwa hapo, fungua faili la URDF (linaloeleza sehemu za roboti na zilipofungwa) utafute kiungo kinachoitwa base_scan, utaona kimerudishwa nyuma -0.032. Leza iko nyuma sentimita 3.2, kwahiyo inauona ukuta mbali kidogo kuliko ukipima kutoka 0,0. 1.925 jumlisha 0.032 ni 1.957. Umeona? Wastani wako wewe mwenyewe umeniandikia 1.957. Huyo mwenzako angekuongezea sentimita 4, leo ungefurahi, kesho ukihamishia kwenye ukuta mwembamba au ukigeuza roboti nyuzi 180 hesabu yote inakataa, na hapo utakaa siku tatu unatafuta mchawi.

Hili naona linawapata watu wengi sana na mara nyingi kabisa ndo chanzo cha lile neno "simulesheni haina usahihi". Unapima kutoka wapi mpaka wapi? Hilo ndo swali la kwanza, kabla hata hujataja leza.

Sasa kule kucheza, mara 1.94 mara 1.98. Hiyo ni kelele, na imewekwa makusudi. Kwenye faili la mfano wa roboti kuna sehemu ya "noise", aina yake "gaussian", wastani 0.0 na stddev (kipimo cha mtawanyiko, kwa mita) 0.01. Maana yake kila mwale ukishapata umbali wake kamili kabisa, programu inauongezea namba ya kubahatisha, ambayo mara nyingi ni ndogo, kwa asilimia 68 iko ndani ya sentimita 1, na kwa asilimia 99.7 iko ndani ya sentimita 3. Kwahiyo ulichokiona ndo kile kile faili lilichoagiza, hakuna ajabu.

Ila hiyo 0.01 nayo ina historia yake. Kwenye maelezo ya Gazebo ya zamani kuna mfano wa leza ya Hokuyo, mtengenezaji kaandika inakosea milimita 30 juu au chini ikiwa chini ya mita 10, basi aliyeandika ule mfano akasema tukiweka 0.01 tutakuwa tumefunika hiyo milimita 30 kwa asilimia 99.7. Hesabu safi, kwa Hokuyo ile. Tangu hapo watu wamenakili, ukifungua mafaili ya roboti za watu unakutana na 0.01 kama vile ni sheria ya nchi, hata kama kihisi ni kingine kabisa chenye bei na tabia nyingine. Burger yako haina Hokuyo, Burger za mwanzo zilikuja na LDS-01 na ndo hiyo nitakayoitumia hapa (mwaka 2022 ilibadilishwa ikawa LDS-02, kwahiyo angalia ya kwako ni ipi). Karatasi ya LDS-01 inasema kuanzia milimita 120 mpaka 499 kosa ni milimita 15 juu au chini, kuanzia 500 mpaka 3500 kosa ni asilimia 5. Asilimia 5! Kwenye mita 3 hiyo ni milimita 150, wakati simulesheni yako kwenye mita hiyo hiyo 3 inakupa milimita 30. Kwahiyo jibu la swali lako la mwisho, ndiyo, roboti ikifika usitegemee leza itasoma kama Gazebo, na tatizo la ile ya simulesheni sio kwamba haina usahihi, ni kwamba ni mwanafunzi mzuri kupita kiasi, anapata tisini na tisa kila mtihani.

Na usikimbilie kubadilisha 0.01 iwe 0.05 ukadhani umemaliza. Watu wengi wanafanya hivyo wanajiona wamekuwa wakali kwa roboti yao, kumbe hawajagusa kitu. Kelele ya Gazebo kila mwale na kila skani (mkupuo mmoja wa miale yote) inabahatishwa upya, hazijuani, kwahiyo ukichukua skani 100 ukapiga wastani kelele inapungua mara 10, sentimita 1 inakuwa milimita 1. Algorithimu za ramani zinapenda sana kelele ya namna hiyo, zinaila kama karanga. Leza halisi ina kosa la aina mbili, kuna kutetema kama huko, alafu kuna kuegemea upande. Kuegemea upande ni pale ambapo kihisi kikiwa mita 3 kinasema 3.08 leo, kinasema 3.08 kesho, kinasema 3.08 mara 100, na ukipiga wastani unapata 3.08 iliyo safi kabisa na iliyokosea kabisa. Inategemea umbali, inategemea rangi ya ukuta, inategemea mwale unapiga wima au kwa mshazari, inategemea hata kihisi kimepata joto au bado. Ye na Borenstein wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2002 waliipima SICK LMS200, leza ya heshima na ya bei mbaya, wakaona vipimo vinasogea taratibu tangu inapowashwa mpaka ipate joto lake. Sasa kama SICK inafanya hivyo, hiki chetu cha kwenye boksi la plastiki tukidai nini?

Tuje kwenye jambo ambalo hujaniuliza ila litakuuma zaidi ya hayo yote: leza yako inaona nini hasa?

Kwenye Gazebo ya zamani kila kitu kina maumbo mawili, umbo la kuonekana ambalo ndo unaliona kwenye skrini, na umbo la kugongana ambalo injini ya fizikia inalitumia kujua nani kagusa nani. Na kuna leza za aina mbili, "ray" na "gpu_ray". Ile ray inaiuliza injini ya fizikia, yaani inaona maumbo ya kugongana tu. Ile gpu_ray inatumia kadi ya grafiki, inapiga picha ya kina ya mandhari alafu inachota umbali kwenye pikseli, yaani inaona maumbo ya kuonekana. Leza mbili, chumba kimoja, dunia mbili tofauti. Chukua meza. Aliyetengeneza mfano wa meza mara nyingi kachora meza nzuri yenye miguu minne, ila kwenye kugongana, ili kompyuta isichoke, kaweka boksi moja kubwa. Leza ya Burger iko kama sentimita 18 kutoka sakafuni. Ukiwa na ray, roboti inaona boksi, inazunguka kistaarabu, ramani yako ina mstatili mweusi mahali pa meza, umeridhika. Ukiwa na gpu_ray inaona vimguu vinne na katikati peupe, inapanga njia ya kupita chini ya meza, inajigonga kwenye kitu ambacho kwa leza hakipo. Hapo mtu anasema leza ya gpu ina hitilafu. Haina. Kwenye chumba cha kweli itaona miguu minne vile vile, na kama roboti yako ina mlingoti wa kamera juu, utaenda kuuokota sakafuni.

Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya milimita, kwenye Gazebo bofya menyu ya kuangalia, washa maumbo ya kugongana, yatatokea ya rangi ya chungwa, uone leza yako inaishi kwenye dunia gani. Ni dakika moja. Nakwambia nimeshaona mtu kaandika sura nzima kuhusu usahihi wa ramani yake na nusu ya vitu kwenye chumba vilikuwa maboksi.

Hiyo gpu_ray nayo ina vikasoro vyake, kwa sababu inachota kwenye pikseli basi kwenye kingo za vitu na kwenye kuta zinazoonekana kwa mshazari mkali umbali unaweza kuruka kidogo, lakini ni kosa dogo na ukitaka spidi ya miale mingi huna pa kwenda. Gazebo ya zamani yenyewe imefungwa rasmi Januari 2025, hii mpya kwa kawaida utatumia gpu_lidar, ni ule ule ukoo wa kuona maumbo ya kuonekana, kwahiyo ukihama na ulikuwa umezoea ray, usishangae ramani ikibadilika wakati hujagusa kitu.

Wale wa Stage, ile simyuleta ya pande mbili iliyozaliwa kule Chuo Kikuu cha Kusini mwa California pamoja na Player (programu ya kuendesha roboti), kwao ni hadithi nyingine tena. Stage inakata dunia kuwa vijiboksi na mwale unatembea kijiboksi kwa kijiboksi, kwahiyo usahihi wa leza ni ule wa "resolution" uliyoandika kwenye faili la dunia. Ukiweka 0.02 usilalamike umbali unaruka kwa sentimita 2 2. Wewe hauko huko, tuendelee.

Kioo. Hapa mimi niliumia mwenyewe. Nilikuwa na roboti ndogo, kwenye simulesheni inaenda kama maji, siku ya kuionyesha kwa watu ikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kioo, taratibu, kwa kujiamini, tuk. Kwenye dunia yangu ya Gazebo mlango ule ule ulikuwepo, nimeuwekea hadi rangi ya kupenyeza mwanga, lakini umbo la kugongana halijui mambo ya kupenyeza, kwa ray kioo ni zege. Leza ya kweli mwale mwingi unapita, unagonga kiti kilichoko ndani, unarudi na umbali wa kiti. Wala haikosei, inakwambia ukweli kuhusu kiti. Kuna ujanja mmoja wa kuigiza hili na nakupa bure: tumia gpu_ray, alafu tengeneza mlango wenye umbo la kugongana bila umbo la kuonekana. Leza haiuoni, roboti inaugonga. Hicho ndo kioo kabisa. Mpe na mwenzako roboti yake ipite humo uone kama bado atasema simulesheni hazifai.

Vitu vyeusi vya kung'aa, vigae vilivyopigwa deki vikawa kama kioo, milango ya alumini, jua la saa saba linaloingia dirishani, vyote hivyo Gazebo haina habari navyo. Kuna kitu kinaitwa laser_retro watu wanadhani ndo kinashughulikia rangi, ile kwenye ray inakujazia tu namba ya ukali wa mwale uliorudi, umbali hauguswi.

Na muda. Hili wengi hawalijui kabisa. Miale 360 ya Gazebo yote inapigwa kwa mkupuo mmoja, saa imesimama. Angalia ujumbe wa LaserScan (ule unaobeba vipimo vya leza), kuna sehemu inaitwa time_increment, kwenye simulesheni yako itakuwa 0. LDS-01 halisi ni kimota kinachozunguka, mizunguko 300 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.2, na wakati kinazunguka roboti nayo inatembea na kugeuka. Geuza roboti kwa radiani 1 kwa sekunde, sio kasi ya ajabu hiyo, Burger inafika 2.84, ndani ya mzunguko mmoja imeshageuka radiani 0.2, nyuzi 11 na nusu. Ukuta ulioko mita 3, mwale wa kwanza na wa mwisho wa skani hiyo hiyo vinapishana sentimita 60! Sasa wewe uko unapigania sentimita 4. Ndo maana ramani za roboti halisi zinapinda kwenye kona wakati za simulesheni zimenyooka kama rula, na dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kugeuka polepole unapochora ramani, radiani 0.3 hivi, hata kabla ya kutafuta programu za kunyoosha skani.

Kidogo kuhusu pembe maana nimekumbuka. Faili lako lina miale 360 kutoka 0 mpaka 6.28. Usidhani kila mwale ni nyuzi 1. Miale 360 ina nafasi 359 katikati, kwahiyo hatua ni 6.28 gawa 359, na mwale namba 180 hauko nyuzi 180, uko 180.4 na kitu. Ukitumia angle_increment iliyoko kwenye ujumbe huna shida. Ukiandika mwenyewe "namba ya mwale ni nyuzi" utabeba kosa linalokua kadri unavyozunguka, ule mwale wa mwisho kwenye mita 3 unakuwa umepotea sentimita 4 pembeni. Sentimita 4 yako ile ile, ila hii ni ya kweli.

Alafu pale ambapo mwale hauoni kitu. Gazebo inakupa inf (namba isiyo na mwisho), ndo utaratibu wa ROS (mfumo wa programu za roboti), mbali kupita uwezo ni inf, karibu mno ni inf ya hasi, na kipimo kilichoharibika ni nan (si namba). Vihisi vingi vya bei rahisi vikikosa jibu vinatoa 0. Sasa wewe umeandika, najua umeandika, kila mtu anaandika: kama umbali ni chini ya 0.3 simama. Kwenye Gazebo inafanya kazi vizuri. Kwenye ukumbi mkubwa wa kweli, mbele hamna kitu mpaka mita 6, leza mwisho wake ni mita 3.5, inatoa 0, programu inasema lahaula tumegonga, roboti inasimama katikati ya uwanja mtupu na kugoma, wewe unabadilisha betri. Chuja sifuri kwanza, chochote kilicho chini ya range_min (umbali mdogo kabisa leza inaoweza kupima) kitupe.

Sasa ufanye nini. Roboti ikifika usianze na ramani. Iwashe, iache nusu saa ipate joto, tafuta ukuta mweupe ulionyooka, chukua futi ya fundi, weka leza, leza sio roboti, mita 0.5 kutoka ukutani, rekodi skani 200 za mwale wa mbele, sogea mita 1, mita 2, mita 3, rekodi. Kwa kila umbali piga wastani, toa umbali wa futi, hapo una kule kuegemea. Angalia mtawanyiko, hapo una kelele. Rudia kwa mita 2 ukiwa umetundika kitambaa cheusi, na tena mbele ya kigae au mlango wa alumini kwa mshazari. Ni kazi ya mchana mmoja na utakuwa unakijua kihisi chako kuliko anayekiuza.

Kisha rudi Gazebo, ile noise iweke 0 kabisa, andika kinodi (kijiprogramu) kidogo cha Python kinachosikiliza scan na kutoa scan mpya yenye tabia ulizopima: kwanza zidisha umbali kwa uwiano wa kile kiegemeo chako (wastani gawa umbali wa futi), mfano 1.02 kama ndo ulichopata, alafu ongeza kelele inayokua na umbali badala ya 0.01 ya kila mahali, alafu asilimia kadhaa ya miale igeuze iwe 0, na pale ambapo miale miwili jirani inapishana zaidi ya sentimita 20, yaani kwenye ukingo wa kitu, mara moja moja weka umbali wa katikati ya hiyo miwili, maana mwale wa kweli una unene, ukigonga ukingo nusu unarudi na nusu unaendelea, unapata nukta inayoelea hewani ambapo hamna kitu. Haifiki hata mistari 60. Lile la muda achana nalo kwanza, ni gumu kuliigiza kwenye kinodi, geuka tu polepole.

Usiogope ikionekana mbaya. AMCL yenyewe (programu ya kujua roboti iko wapi kwenye ramani) ukiichukua kama ilivyo ina sigma_hit ya 0.2, yaani inavumilia sentimita 20 ya kutoelewana kati ya leza na ramani na bado inajua iko wapi, waliotengeneza walishakutana na hivi vihisi. Kitakachokusumbua ni kupita kwenye milango. Pima upana wa mlango wa maabara yenu, toa upana wa Burger, sentimita 17.8, gawa kwa mbili, alafu linganisha na kile kiegemeo utakachokipata kwenye mita 1. Ukishapata hizo namba mbili nitumie, ndo tutaongea habari za costmap (ramani ya kupangia njia, inayoonyesha wapi ni hatari kupita).